Mwasmini umegeuka manjano: utatuzi wa matatizo ya vichaka vinavyochukia chokaa, Lamu na Malindi

Jani jipya la mwasmini likitoka manjano huku mishipa yake imebaki kijani, wengi hukimbilia chupa ya dawa ya wadudu. Hapo ndipo pesa hupotea bure. Kwa miti ya maua ya Mji wa Kale wa Lamu, ya Shela, na ya ukanda wa matumbawe wa Malindi, shida nyingi hazina mdudu wala ukungu ndani yake. Ni chokaa iliyo kwenye udongo na chumvi iliyo kwenye maji. Mwasmini, iksora vibete na gadenia hustawi kwenye udongo wenye asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi) 5.5 hadi 6.5 hivi, mwasmini ni mvumilivu kidogo kuliko wenzake na hufika 7 bila kelele. Mchanga uliochanganyika na matumbawe na kombe zilizosagika huwa na pH 8 na zaidi.

Vipimo vitatu kabla ya kununua chochote

*Siki.* Chukua kijiko cha udongo mkavu kutoka kina cha sentimita 10, uweke kwenye kisahani, umiminie siki nyeupe. Sogeza sikio. Ukisikia unachemka na kuona mapovu, chokaa imo. Fanya hivyo hivyo kwa mchanga unaokusudia kuchanganyia, kwa kokoto ulizoweka chini ya chungu, na kwa unga unaomomonyoka ukutani.

*Maji.* Mita ndogo ya EC, inayopima chumvi iliyo majini, ndiyo kifaa chenye faida kuliko vyote kwa mkulima wa maua wa pwani. Chini ya 700 µS/cm maji hayana neno. Kati ya 700 na 3,000 yanatumika kwa tahadhari, na kwa vichaka hivi tahadhari ianze mapema. Juu ya 3,000 usiyamwage kabisa kwenye mwasmini. Kama huna mita, tumia sabuni ya mche na ulimi: sabuni isiyotoa povu inakuambia maji ni magumu, yaani yana chokaa, ulimi unakuambia yana chumvi. Hayo ni mambo mawili tofauti na kila moja lina tiba yake. Maji yanaweza kuwa matamu kinywani na bado yakawa yamejaa chokaa.

Kisima kilicho karibu na ufuo kipime zaidi ya mara moja: wakati wa bamvua, wakati wa maji mafu, na tena mwisho wa kaskazi, Februari au Machi, pale maji matamu ya chini yanapokuwa yamepungua. Kisima kilichokuwa salama Julai si lazima kiwe salama Machi.

*Uzito.* Inua chungu au kiegemeze upande mmoja. Chungu chepesi kina kiu hata kama udongo wa juu unaonekana na unyevu. Chungu kizito chenye mti ulionyauka kina shida ya mizizi. Kipimo hiki huchukua sekunde tano na huokoa miti mingi.

Dalili: majani machanga manjano, mishipa kijani

Tazama jani la pili au la tatu kutoka ncha ya tawi. Mishipa imejichora kijani kama wavu, nafasi katikati ni manjano, na shida ikizidi hugeuka karibu nyeupe, kisha kingo huungua. Majani ya chini bado ni kijani kizima. Huo ni upungufu wa madini ya chuma. Chuma hakihamishwi na mti kutoka jani la zamani kwenda jani jipya, ndiyo maana wachanga ndio wanaoumia.

Mara nyingi chuma kimo udongoni. Chokaa ndiyo iliyokifunga. Kwa hiyo uliza kwanza chokaa imetoka wapi, ukianza na sababu za kawaida zaidi.

Ya kwanza ni maji ya kisima yenye chokaa. Kila unapomwagilia unaongeza kidogo, na mchanganyiko mzuri wa mwaka jana unafika pH 8 polepole bila wewe kuona. Ikiwa mti ulikuwa mzuri kwa mwaka mmoja au miwili kisha ukaanza kugeuka, shuku maji.

Ya pili ni ukuta. Nyumba za mawe za Lamu zimejengwa kwa matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, na kiwanda cha ndani, yaani uwanja mdogo ulio wazi katikati ya nyumba, ndipo mwasmini unapowekwa, umeegemezwa ukutani ili harufu iingie chumbani. Lipu inamomonyoka, inaangukia chunguni. Kuelekea Maulidi au arusi kuta hupakwa chokaa upya, brashi inadondosha, na wiki chache baadaye machipukizi yanatoka manjano. Sogeza vyungu sentimita 60 kutoka ukutani, na siku ya kupaka vifunike kwa gunia au viondoe kabisa.

Ya tatu inaumiza kwa sababu hufanywa kwa nia njema: vipande vya matumbawe chini ya chungu "ili maji yapite". Havisaidii maji kupita, na vinatoa chokaa kila siku. Tumia kigae kimoja kilichopinda juu ya tundu, basi.

Ya nne ni majivu ya jikoni na maganda ya mayai. Kwa sukuma na mchicha kwenye udongo wenye asidi yana kazi. Kwa mwasmini wa Lamu ni kuongeza chokaa juu ya chokaa.

Ya tano, mbolea ya DAP iliyozidi. Fosforasi nyingi huzuia mti kuchukua chuma. Ya mwisho, udongo ulioloa muda wote: mizizi isiyopata hewa haichukui chuma hata kikiwepo.

*Marekebisho mepesi.* Badilisha maji kwanza. Maji ya mvua hayana chokaa, na hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita 20 za mraba likipata mvua ya milimita 50 hutoa takriban lita 800 baada ya kutoa zinazopotea. Chungu chenye mdomo wa sentimita 30 hunywa lita 2 hadi 3 kwa mara moja, kwa hiyo tangi moja la lita 1,000 linalojazwa masika linavusha vyungu vichache hadi mbali. Maji ya paa la makuti hutoka na rangi ya chai. Mwasmini hauna habari na rangi hiyo.

Kama huna budi kutumia maji magumu, kamulia ndimu tatu kwenye mtungi wa lita 20, koroga, acha saa moja. Asidi ya ndimu hupunguza makali ya chokaa iliyo majini. Ni nafuu ya muda, na haiondoi chumvi hata chembe.

*Kumpa mti chuma.* Salfeti ya chuma ikimwagwa kwenye udongo wa chokaa hugeuka kutu ndani ya siku chache, mti usiambulie kitu. Ipulize kwenye majani: gramu 5 kwa lita 1 ya maji ya mvua, na matone machache ya ndimu. Jaribu tawi moja kwanza, ngoja siku mbili. Lisipoungua, pulizia mti mzima jioni, rudia kila baada ya wiki mbili, mara tatu au nne. Punje ziwe za kijani-samawati. Zilizogeuka kahawia zimekwisha nguvu. Usipulizie maua yaliyofunguka, na uondoe nguo kwenye kamba: doa la chuma kwenye kanzu nyeupe au kwenye sakafu halitoki.

Kwa tiba ya mizizini, soma lebo ya cheleti (chuma kilichokingwa ili chokaa isikifunge) kwa makini maana wauzaji huziita zote "chuma". Iliyoandikwa EDTA huacha kufanya kazi pH ikipita 6.5 hivi. DTPA hufika 7.5. Kwa udongo wetu ni EDDHA peke yake, unga mwekundu wa damu ya mzee, ndiyo inayobaki na nguvu hata pH 9. Ni ghali kuliko hizo mbili, na bado ndiyo rahisi, kwa kuwa nyingine unazimwaga tu. Gramu 2 hadi 3 kwa chungu cha sentimita 30, gramu 10 hadi 15 kwa mti wa ardhini wenye kimo cha mita 1, ila lebo ikisema vingine fuata lebo. Iyeyushe, imwage jioni, kisha isukume kwa maji zaidi iingie udongoni, kwa kuwa mwanga wa jua huivunja. Usihukumu kwa majani ya zamani. Angalia yale yatakayochipua wiki mbili au tatu baadaye.

*Marekebisho ya ndani.* Ukimwaga siki na udongo ukachemka kwa nguvu, usijaribu kuubadilisha udongo huo. Watu hushauriwa kutia salfa. Kikemia, kila kilo 1 ya chokaa inahitaji gramu 320 za salfa ili iishe, na udongo wa matumbawe una chokaa isiyo na mwisho. Utatia hadi uchoke. Hamisha mti, uweke kwenye mchanganyiko mpya:

- sehemu 4 za unga wa makumbi ya nazi uliooshwa
- sehemu 2 za samadi iliyooza hadi haina harufu
- sehemu 2 za mchanga usiochemka kwenye siki
- sehemu 1 ya udongo mwekundu

Malindi udongo mwekundu unapatikana upande wa Magarini. Lamu huvushwa kutoka bara. Popote unapotoka, upime kwa siki kabla ya kulipa.

Makumbi yana mtego wake. Yale yaliyofukiwa ufuoni ili yasokotwe kamba yamelowa maji ya bahari kwa miezi. Unga wake loweka kwenye maji matamu, kamua, mwaga, rudia mara tatu au hadi mita ionyeshe maji ya mwisho yako karibu sawa na uliyotia.

Onyo. Usimwage asidi ya betri, hata ikichanganywa na maji, hata kama mtu amekuapia kwamba ilimsaidia. Inaunguza macho na mikono, huua mizizi palepale ilipoangukia, na kwenye udongo wa chokaa nguvu yake inaisha upesi. Vivyo hivyo dawa ya kusafishia vyoo.

Dalili: ncha na kingo za majani zimeungua kahawia

Hapa majani ya zamani ndiyo yanayotangulia. Ncha hukauka, ukahawia hutambaa kwenye kingo zote mbili, na mstari kati ya palipokufa na palipo hai huwa mkali kama uliokatwa. Mara nyingi ukingo wa chungu cha udongo una unga mweupe kwa nje. Uguse, uonje kwa ncha ya ulimi: ukiwa mchungu wa chumvi, umepata jibu; usipokuwa na ladha na ukachemka kwenye siki, ni chokaa.

Sababu kubwa ni maji ya kisima cha chumvi. Inayofuata ni namna ya kumwagilia, na hii haisemwi vya kutosha: kikombe kimoja kila siku, maji yasifike chini, chumvi isitoke. Mti huchukua maji na kuacha chumvi nyuma. Mwagilia mara chache, kila mara hadi maji yatoke chini ya chungu, na sahani iliyokinga maji hayo imwagwe. Baada ya hapo shuku samadi mbichi ya punda, ambayo ina mkojo na chumvi zake, maji ya kuoshea samaki au ya kufulia, makumbi yasiyooshwa, na kwa nyumba zinazotazama bahari ya Shela au ufuo wa Malindi, marasharasha ya kusi. Ya bahari hujulikana kwa upande: majani yanayotazama upepo yameungua, yale ya nyuma ni mazima.

Kuosha chungu: kinyanyue juu ya mawe mawili, hakikisha matundu yako wazi, kisha pitisha maji mara mbili ya ujazo wa chungu. Chungu cha lita 20 ni lita 40, kwa awamu nne au tano ndani ya saa moja au mbili. Tumia maji matamu kuliko yote uliyonayo. Usiseme mvua itafanya kazi hiyo. Mvua kubwa ya milimita 50 huingiza lita 3.5 tu kwenye chungu chenye mdomo wa sentimita 30. Hiyo inatosha kukilowesha tu, si kukiosha. Baada ya kuosha usitie mbolea kwa wiki tatu.

Majani yaliyoungua na upepo wa bahari yaoshe kwa maji matamu jioni, halafu weka kizuizi cha makuti yaliyosukwa wazi wazi. Ukuta mzima huzungusha upepo na kuurudisha chini upande wa pili.

Acha hapa ikiwa kisima kinapita 3,000 mwaka mzima. Hakuna dawa ya dukani inayotoa chumvi majini. Mwite mtaalamu wa maji akipime kisima. Pengine kimechimbwa kina kupita kiasi au kinapigwa pampu kwa nguvu, na hilo linahusu maji ya kunywa ya nyumba nzima.

Dalili: majani ya chini manjano, ya juu mazima

Ikiwa ni mawili matatu ndani ya kichaka, ni uzee, yaache yadondoke. Mti mzima ukipauka kuanzia chini, nitrojeni imepungua. Konzi mbili za samadi iliyooza juu ya udongo zinatosha. Yakiwa manjano katikati ya mishipa na bado ni ya chini, ni upungufu wa magnesiamu: chumvi ya Epsom gramu 10 kwa lita 1, pulizia majani mara mbili, wiki mbili katikati.

Dalili: mti umenawiri, hauna hata ua moja

Anza na jua. Mwasmini unataka saa 5 au 6 za jua la moja kwa moja, na kiwanda cha nyumba ya Lamu, chenye kuta ndefu pande zote, mara nyingi kinapata saa mbili za mchana tu. Weka saa, tazama kivuli kinavyopita. Iksora husamehe kivuli zaidi. Ukikosa jua, panda hiyo.

Jua likitosha, angalia samadi na urea. Majani makubwa ya kijani kizito na matawi marefu yanayotambaa ni ishara ya nitrojeni nyingi. Simamisha miezi miwili.

Sababu ya tatu ni mkasi unaoogopwa. Asmini huchanua kwenye tawi jipya. Mti usiopogolewa miaka mitatu huwa fungu la kuni lenye majani juu. Pogoa mwishoni mwa Machi, kabla ya masika kushika: ondoa matawi makavu na membamba kuliko kalamu, kisha punguza yaliyobaki kwa theluthi moja, hadi nusu kwa mti uliozeeka, ukikata juu kidogo ya jozi ya majani. Mvua ikiingia, machipukizi yanatoka na tumba kwenye ncha zake. Baada ya kila wimbi la maua kata ncha tena, jozi mbili za majani chini. Anayechuma kila alasiri, tumba zikiwa zimenona na bado zimefumba, anapata nyingi kuliko anayeziacha zinyaukie mtini.

Wengi wakikosa jua chini hupandisha vyungu juu ya paa. Kabla ya hapo, simama. Chungu cha sentimita 40 chenye udongo uliolowa kinapita kilo 60, na paa la nyumba ya kale limekaa juu ya boriti za mikoko ambazo ncha zake, zile zilizoingia ukutani, hazionekani na ndizo zinazooza au kuliwa na mchwa. Mwite fundi mwashi anayezijua nyumba za mawe akague. Hadi akague, weka vyungu vidogo, kandokando juu ya kuta, si katikati.

Dalili: tumba zinaanguka au zinageuka zambarau kabla ya kufunguka

Zikianguka zikiwa kijani, nyingi kwa siku moja, ni kiu ya ghafla au upepo mkavu wa kaskazi, au chungu kilihamishwa. Tandaza makumbi unene wa sentimita 5 juu ya udongo, usiyagusishe na shina, na usihamishe chungu chenye tumba.

Zikigeuka zambarau au kuwa na michirizi ya kahawia, zikung'utie juu ya karatasi nyeupe. Vijidudu vyembamba kama vipande vya uzi vinavyokimbia ni vithiripi. Kama hakuna, pasua tumba tano kwa ukucha. Tumba lenye tundu dogo na uchafu mweusi ndani lina kiwavi. Okota zilizoanguka kila siku, uzichome au uzizike kwa kina. Usizitie kwenye mboji.

Dawa ya kwanza ni mwarobaini. Mafuta yake mililita 5 na sabuni ya maji mililita 2 au 3 kwa lita 1, jioni, kila siku saba kwa mara tatu. Changanya na maji ya mvua. Kwenye maji magumu sabuni hukatika, inakuwa utando mweupe juu, na wadudu wanabaki salama.

Asmini huvaliwa nywelani, husukwa vikuba, hutandazwa kitandani, na watoto hulala humo. Kwa hiyo dawa zinazoingia ndani ya mti zisikaribie mwasmini unaochumwa. Ukilazimika kutumia dawa yoyote ya duka, iwe yenye nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya ya dawa za wadudu, kwenye lebo, uheshimu siku za kungoja kabla ya kuchuma, na usiipulize kwenye kiwanda chenye birika au kisima kilicho wazi. Mtu akizidiwa baada ya kupulizia, akitapika au kuona ukungu machoni, mpeleke hospitali na chupa yake mkononi.

Dalili: majani yananata na yana masizi meusi

Masizi yenyewe ni ukungu unaoota juu ya utomvu mtamu wa wadudu. Geuza jani: vidung'ata ni kama pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani, wadudu magamba ni vidonge vya kahawia vilivyoganda kwenye mshipa, vidukari hujazana kwenye ncha laini. Pamba au magamba machache yafute kwa kitambaa chenye sabuni. Yakiwa mengi, kata matawi mabaya, kisha tumia sabuni ya maji mililita 5 kwa lita 1, upande wa chini wa majani, mara tatu kwa wiki mbili.

Lakini fuata chungu, yaani sisimizi, wanaopanda shinani. Maji moto, wale chungu wekundu wa mitini, hula wadudu wengi wabaya na ni rafiki wa minazi na miembe, ila hufuga vidung'ata kwa ajili ya utamu wao na huwalinda dhidi ya wanaowala. Tenganisha matawi yasiguse ukuta wala mti mwingine, na uwakatie njia. Vidung'ata wasipolindwa hupungua wenyewe.

Majani yenye vidoadoa vya manjano na utando mwembamba chini, wakati wa joto, yana utitiri. Yaoshe kwa maji ya nguvu upande wa chini kila siku tatu. Ukitaka dawa, salfa ya kupulizia gramu 2 kwa lita 1, jioni, na zipite kwanza wiki tatu tangu ulipopuliza mafuta, maana vikikutana huunguza majani.

Dalili: mti unanyauka ghafla

Chungu chepesi: ni kiu. Mchanganyiko wa makumbi ukikauka kabisa hunywea na kukataa maji. Yanapita kandokando na kutoka chini huku katikati ni kukavu. Zamisha chungu kwenye beseni dakika 30, hadi mapovu yaishe.

Chungu kizito na udongo una harufu ya uvundo: mizizi inaoza. Vuta mti, osha mizizi. Iliyo hai ni myeupe au ya rangi ya mchanga na ni migumu. Iliyooza ni ya kahawia na gamba lake huchomoka mkononi likabaki uzi. Kata yote mibovu, punguza matawi kwa nusu, panda upya kwenye udongo mpya, kivulini, na maji kidogo. Nusu ya mizizi ikiwa imekwenda, afadhali chukua vipandikizi vya sentimita 12 kutoka juu na kuanza upya.

Mizizi yenye vifundo visivyosugulika ni kazi ya minyoo fundo, ambayo mchanga huipenda. Mti hautibiki. Toa vipandikizi vya juu, choma mizizi, na udongo huo utandaze juani chini ya plastiki angavu, ukiwa umelowa, wiki nne hadi sita za kaskazi. Mchwa hujulikana kwa tope juu ya shina. Bomoa, ondoa makuti na mbao zilizooza karibu.

Acha na uite afisa kilimo ukikuta shinani, usawa wa udongo, nyuzi nyeupe za ukungu na vijipunje vya kahawia mfano wa mbegu za haradali. Vijipunje hivyo hukaa udongoni miaka na husafiri kwa jembe, kwa viatu, kwa chungu ulichomgawia jirani. Usimwagilie, usihamishe udongo. Ita msaada pia miti miwili au zaidi ikifa kwa namna moja mfululizo. Sampuli iwe na mizizi na udongo wake, ifungwe kwenye gazeti, ifike siku hiyo hiyo; ikipikika juani kwenye mfuko wa plastiki haina maana tena.

Dalili: rododendroni au azalea iliyoletwa kutoka bara inakauka

Vitalu vya nyanda za juu huuza azalea na rododendroni vibete vikiwa vimejaa maua, na kila msimu kuna anayevishusha pwani. Majani hukauka kingo, tumba hazifunguki, mizizi ile myembamba inayokaa juu juu huoza. Hakuna rododendroni ya asili Afrika nzima. Nyingi zinatoka milima ya Asia, zinataka pH 4.5 hadi 6, usiku wa baridi na udongo usiopata moto. Usiku wa Malindi hauna baridi hiyo hata Julai.

Uliyopewa zawadi iweke kwenye unga wa makumbi uliooshwa, maji ya mvua peke yake, jua la asubuhi hadi saa tatu tu, na chungu cha udongo ndani ya chungu kikubwa zaidi, katikati ukijaza makumbi yaliyolowa. Huenda ikaishi msimu mmoja. Kununua mpya sishauri. Anayependa umbo lile, kichaka kifupi chenye vishada vya maua juu, apande iksora kibete: inataka asidi ileile ila joto letu ndilo linaloifaa.

Na majani ya rododendroni yana sumu. Lamu mbuzi na punda hupita wakitafuna chochote kilicho kibarazani, kwa hiyo matawi yaliyokatwa yasitupwe kichochoroni. Mnyama akitokwa na mate mengi, akitapika au akiyumba baada ya kula, usimnyweshe kitu. Mwite daktari wa mifugo mara moja, na ushike tawi lenye majani umwonyeshe.